Mduara Ulio Karibu na Lebo

Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni, jenereta za mitaa zikishawaka, watu kumi na wanne wa Beirut na vitongoji vyake waliweka santuri kwenye gramafoni zao, kila mmoja nyumbani kwake, wakasikiliza upande mmoja hadi mwisho. Halafu waliandikiana kwenye simu walichosikiliza. Kundi lilianzishwa na Nazih Sarrouf, na kanuni zilikuwa zake: taja jina la santuri, mwaka ilipochapwa, aina ya sindano na hali ya mifuo, ile mistari inayopitiwa na sindano. Maneno kama "tamu" na "inagusa moyo" yalikatazwa. Aliyeyatumia alihukumiwa kusikiliza upande mzima wa gwaride la bendi ya jeshi na kutoa ripoti.

Aliyehukumiwa mara nyingi ni Fawwaz, daktari wa meno, ambaye hakuwahi kuandika chochote. Yeye alituma sauti.

"Jamani, mimi leo nina mpiga udi wa Aleppo, mwaka sitini na mbili. Sindano ni ile ile ya mwaka jana, msiniulize. Hali ya mifuo ni kama mdomo wa mgonjwa wangu wa asubuhi, mzee wa watu amebaki na meno manne. Na kwa kuwa Mhandisi kanikataza kusema ni tamu, nasema tu kwamba nimeacha chai ikapoa."

"Chai si kipimo," Nazih aliandika.

"Kwako wewe kipimo ni nyundo, Mhandisi."

Ilikuwa kweli. Nazih alikuwa na miaka sabini na moja, na thelathini na minne kati ya hiyo aliitumia katika maabara ya kiwanda cha saruji, akivunja matofali ya mfano na kuandika kila moja limevunjika chini ya uzito gani. Alipostaafu alihamishia tabia hiyo kwenye santuri. Alikuwa na mia tisa na sita, zote zimepimwa, zimeoshwa, zimeandikwa kwenye daftari. Watu walimwamini kwa sababu hakuwahi kumsifia mtu santuri mbovu, hata kwa adabu.

Alhamisi ya pili ya mwezi wa Machi ujumbe wa mwisho ulitoka kwa Araksi, mwanamke wa mtaa wa Bourj Hammoud aliyeshona nguo za harusi mpaka macho yalipokataa. Kwa kawaida aliandika mstari mmoja. Siku hiyo alituma picha, na chini yake:

"Ya nyumbani, 1973. Sijaisikiliza. Ilikuwa na unga mweupe, nikaiosha kwa fomula ya Mhandisi mara mbili. Sasa inabanduka kama utando wa maziwa. Nifanye nini?"

Nazih aliikuza picha kwa vidole viwili. Palipobanduka palionekana chuma cheupe. Alijua pale pale kwamba ile haikuwa santuri ya plastiki. Ilikuwa bamba la alumini lililopakwa vanishi nyeusi, aina ambayo studio ndogo zilimchongea mteja nakala moja tu, aende nayo nyumbani siku hiyo hiyo. Hakuna nakala nyingine popote.

Aliinuka, akatoa daftari lenye fomula, ingawa aliijua kwa moyo. Sehemu moja spiriti, sehemu tatu maji ya betri yasiyo na asidi, matone mawili ya sabuni ya vyombo. Futa kwa kufuata mifuo kutoka ukingoni kwenda katikati. Acha kioevu kikusanyike kwenye mduara ulio karibu na lebo kwa dakika tatu, kikilainisha uchafu, kisha kifyonze kwa pamba. Mwanzoni mwa ukurasa kulikuwa na sentensi moja iliyokatwa kwa mstari: "Isitumike kwa santuri za vanishi, spiriti huziyeyusha." Aliifuta mwenyewe miaka minne iliyopita, kabla ya kuituma fomula kwenye kundi. Alikuwa ameuliza kundini nani anazo santuri za vanishi, hakuna aliyejibu, naye hakupenda sentensi isiyo na kazi. Juu yake aliandika: "Yafaa kwa santuri yoyote." Araksi aliingia kundini mwaka mmoja na nusu baadaye.

Akampigia simu.

"Bi Araksi, umeigusa tena?"

"Sijaigusa. Nimeiweka juu ya kabati, nimeifunikia sinia."

"Ondoa sinia. Iache wazi, mbali na dirisha. Huo unga mweupe ulikuwa mwingi?"

"Kama vile mtu kakandia mkate juu yake. Nikadhani ni ukungu. Nikasema, si tuna Mhandisi? Wengine wana makasisi, sisi tuna Mhandisi."

"Ule haukuwa ukungu. Vanishi ikizeeka hutoa mafuta yake, yanaganda juu. Ilikuwa imeanza kufa kabla hujaiosha."

Alipolisema hilo alilisikia. Lilikuwa jambo la kweli na lilikuwa linamtetea yeye, kwa hiyo akaongeza:

"Lakini fomula ndiyo iliyoimaliza. Nilipaswa kuandika kwamba haifai kwa aina hiyo. Sikuandika."

Upande wa pili kijiko kikagonga kikombe.

"Ni ya Onnik," Araksi alisema. "Kaka yangu."

Alimweleza bila kupamba. Onnik alikuwa na miaka ishirini na mbili, aliimba kwenye harusi za mtaani, na mwaka sabini na tatu alikwenda studio akarekodi wimbo mmoja wa harusi wa kijiji cha babu yao, zawadi kwa mama. Wageni walikuja, santuri ikawekwa. Mwisho wa wimbo Onnik alikuwa amesema maneno machache, sauti ya kuzungumza, si ya kuimba. Sebule nzima ilicheka, mama akacheka mpaka akalia. Araksi alikuwa na miaka kumi na saba na alikuwa jikoni akikaanga mikate ya jibini. Alisikia kicheko tu. Alipotoka na sinia mkononi akauliza kasema nini, wakamwambia ngoja, tutakuwekea kesho. Kesho yake baba akasema santuri ya aina ile inaliwa na sindano kila inapochezwa, itunzwe. Ikatunzwa. Mwaka sabini na sita, wakati wa vita, Onnik alitoka kwenda kutafuta unga na hakurudi, wala hakuna aliyesema alimwona wapi. Baada ya hapo mama hakuruhusu santuri iguswe, na hakuwahi kuyarudia yale maneno. Sasa mama hayupo, na wote waliokuwa sebuleni siku ile hawapo.

"Kwa nini hukuisikiliza miaka yote hii?"

"Nilikuwa najua iko pale," Araksi alisema. "Mwezi huu daktari kaniambia sikio la kulia limekwisha, la kushoto liko njiani. Nikasema basi, nioshe, nisikilize Alhamisi pamoja nanyi. Sitaki wimbo, Mhandisi. Wimbo naujua, alikuwa akiufanyia mazoezi bafuni mwaka mzima. Nataka nijue alisema nini."

Kesho yake Nazih alimwomba apige picha nyingine kwa umbali ule ule, akailinganisha na ya kwanza. Mpasuko ulikuwa umesogea milimita mbili. Aliandika barua kwa maabara moja ya Ulaya inayosoma santuri kwa kamera bila kuzigusa. Walijibu siku hiyo hiyo kwa heshima: foleni ni miezi kumi na minne. Nazih alipiga hesabu. Kwa mwendo ule, ndani ya wiki tatu kusingekuwa na cha kupigwa picha.

Jumamosi asubuhi Fawwaz alimleta Araksi kwa gari mpaka kwa Nazih, mtaa wa Furn el-Shubbak. Santuri ilikuwa mapajani mwa Araksi, ndani ya boksi la keki.

"Nimeendesha kama nimebeba mayai," Fawwaz alisema mlangoni. "Kuna mtu wa teksi kanitukana mpaka babu yangu. Nikamwambia, ami, tukana taratibu, nina mgonjwa."

"Vua viatu," Nazih alisema.

"Na sabalkheri kwako pia."

Araksi alikuwa mfupi, amevaa koti la kijivu alilolishona mwenyewe, na kila mtu alipozungumza aligeuza sikio la kushoto. Nazih aliliweka boksi mezani, akatoa santuri kwa mikono miwili, akaitazama chini ya hadubini aliyopewa kiwandani siku ya kustaafu. Aliitazama dakika ishirini. Fawwaz alikunywa kahawa, akajaribu mzaha mmoja, akauacha katikati.

"Sema," Araksi alisema. "Mimi nimezoea madaktari."

"Ukingoni vanishi bado imeshika, ingawa si kwa nguvu. Kadiri unavyokwenda katikati ni mbaya zaidi. Popote sindano itakapopita, itapita mara moja tu. Ikishapita, vanishi itang'oka. Ushauri wangu ni tuanze ukingoni. Hapo kuna uwezekano wa kupata sehemu ya wimbo. Sauti yake."

"Na maneno?"

"Maneno yako mwisho. Karibu na lebo." Nazih alivua miwani. "Pale ndipo palipoharibika kuliko pote. Fomula inasema kioevu kiachwe pale dakika tatu. Hakuna sababu nyingine."

Araksi alifikiri.

"Mimi niliacha tano," alisema. "Nilitaka ing'are."

"Hata tatu zingetosha."

"Mhandisi, habibi," Fawwaz alisema kwa sauti ya chini, "si lazima useme kila kitu."

"Ameniuliza."

"Hajakuuliza hilo."

"Acha aseme," Araksi alisema. "Tuanze na mwisho."

"Uwezekano ni mdogo sana. Na mtikisiko unaweza kulegeza hata vanishi ya ukingoni."

"Nimekuelewa. Tuanze na mwisho."

Nazih alifanya kazi kama alivyokuwa akifanya maabara, bila kuharakisha. Alibadilisha sindano, akaweka pana zaidi, akapunguza uzito wake mpaka gramu moja na robo. Aliunganisha kompyuta ili irekodi. Alibandika kingo zilizoinuka kwa ncha ndogo za utepe, akazungusha sahani ya gramafoni kwa mkono mara mbili kuhakikisha hakuna kinachogusa. Araksi alivuta kiti mpaka mbele ya spika na kuinama, sikio la kushoto karibu kugusa kitambaa chake. Kwenye goti lake alikuwa na daftari dogo na kalamu, ya kuandika maneno yatakapotoka.

Nazih aliweka sindano mwanzo wa mduara wa mwisho.

Spika ilitoa mngurumo kama wa maji yanayochemka ndani ya birika la bati, na juu ya mngurumo huo kitu kilichokuja na kupotea, kikaja tena, kizito, chenye pumzi. Sindano iliruka mara tatu. Vipande vyeusi vilikusanyika mbele yake kama vumbi la penseli. Baada ya sekunde thelathini ikafika kwenye lebo, Nazih akaiinua.

Kisha Fawwaz akasimama.

"Kuna mtu pale," alisema. "Mmesikia? Chini ya ule mvumo. Kuna mtu anazungumza, wallahi. Bi Araksi, umemsikia?"

Araksi aligeuka. Uso wake ulikuwa umebadilika, umekuwa wa mtu mdogo zaidi.

"Nimemsikia," alisema. "Mara nyingi. Kama anaita kitu. Mhandisi, mashine zako zinaweza kuusafisha mvumo, si ndiyo? Ukiusafisha atasikika."

Nazih alikuwa tayari anatazama mchoro wa sauti kwenye kompyuta. Miiba ilisimama kwenye skrini, mirefu, yenye urefu mmoja. Aliipima nafasi kati ya wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu. Sekunde moja na theluthi. Kwa kasi ya mizunguko arobaini na tano kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua sekunde moja na theluthi.

Fawwaz alikuwa amekuja nyuma yake, naye akaiona. Hakuwa mjinga. Alimwekea Nazih mkono begani na kuuminya.

"Msafishie tu," alisema. "Itachukua muda, si ndiyo? Wiki, miezi. Si lazima leo."

Araksi alisubiri, kalamu mkononi. Nazih alijua anachoombwa. Alijua pia kwamba mwanamke huyu alikuja kwake, si kwa mwingine, kwa sababu miaka yote alikuwa hasemi "nzuri" kwa santuri mbovu. Kama angesema ndiyo, Araksi angemwamini mpaka mwisho wa maisha yake, na sikio lake lingekufa likisubiri.

"Hakuna mtu," alisema. "Ni mpasuko. Sindano inaupitia mara moja kila mzunguko. Mtu hazungumzi kwa nafasi zilizo sawa hivi."

"Mara zote?"

"Ni vishindo ishirini na viwili. Vyote viko sawa."

Araksi aliifunga kalamu kwa kifuniko chake. Fawwaz alikwenda dirishani, akasema neno moja la matusi, si kwa mtu yeyote.

"Ukingoni, basi," Araksi alisema. "Tuko hapa."

Walipata sekunde kumi na tisa. Gitaa lilianza, safi kuliko Nazih alivyotarajia, nyuzi mbili zimelegea kidogo. Kiti kililia. Mtu akakohoa. Gitaa likarudia mwanzo wake kana kwamba linamsubiri mwimbaji avute pumzi, halafu utepe mmoja mrefu wa vanishi ukainuka pamoja na sindano, ukajikunja kama ganda la tufaha, na chini yake kukabaki alumini tupu. Nazih alijaribu sehemu tatu zaidi. Hakukuwa na kitu.

"Hicho kikohozi," Fawwaz alisema. "Hicho sasa ni mtu. Hicho huwezi kukikataa, Mhandisi."

"Hicho ni mtu," Nazih alikubali.

"Si Onnik," Araksi alisema. Alikuwa anavaa koti. "Onnik hakuwa na kifua. Huyo ni mpiga gitaa, alivuta sigara kama treni. Namkumbuka. Alinikanyagia gauni kwenye harusi ya binamu yangu."

Aliomba boksi lake la keki. Nazih alirudisha bamba ndani, akakusanya vipande vya vanishi kwa brashi, akavitia kwenye bahasha na kuandika tarehe juu yake, kwa sababu ndivyo alivyojua kufanya. Araksi aliipokea bahasha, akaisoma tarehe, akaitia mfukoni. Mlangoni alimshukuru. Aliuliza kama anadaiwa sindano. Nazih akasema hapana.

Fawwaz alibaki nyuma kidogo, akifunga kamba za viatu.

"Ungeshindwa nini?" alisema bila kuinua kichwa. "Mwanamke ana miaka sitini na saba. Ungeshindwa nini kumwachia miezi michache?"

"Angenipigia kila Alhamisi kuuliza."

"Na angekuwa na cha kuuliza."

Fawwaz alishuka ngazi.

Siku nne zilizofuata Nazih aliufanyia kazi ule mngurumo. Aliondoa vishindo vyote ishirini na viwili kimoja kimoja, akachuja juu, akachuja chini, akapunguza kasi, akageuza mbele nyuma. Alikuwa anatafuta kosa lake. Katika maabara, mara mbili au tatu kwa miaka thelathini na minne, tofali alilolihukumu lilisimama. Alisikiliza kwa spika, kisha kwa vidude vya masikioni. Jumatano jioni alikuwa amebakiwa na sekunde thelathini za mvumo ulio sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, usio na chochote ndani. Hakukosea popote. Alilihifadhi faili na kuandika kwenye daftari matokeo yake.

Kisha akafungua kundi, akaituma upya fomula ikiwa na ile sentensi ya juu, neno kwa neno kama ilivyokuwa kabla hajaifuta. Fawwaz aliweka alama ya dole gumba.

Alhamisi mbili Araksi hakuandika. Ya tatu, saa kumi na moja na dakika arobaini, ujumbe wake uliingia:

"Kinubi, upande wa kwanza, 1968. Sindano ya zamani. Imeoshwa kwa fomula ya Mhandisi. Hali ya mifuo: safi."

Nazih aliusoma mara nyingi. Alitafuta ndani yake hasira, akatafuta msamaha. Ulikuwa umefuata kanuni zote.

Chini yake aliandika mwanachama mpya wa mji wa Zahle, aliyeingia wiki ile na alikuwa bado anasoma ujumbe wa nyuma.

"Mhandisi, samahani, nimeona fomula ina onyo kuhusu santuri za vanishi. Nauliza tu, kuna mtu kati yetu anayo?"

Araksi alikuwa hewani, jina lake lilionekana juu ya skrini. Nazih alisubiri aone kama atajibu yeye. Hakujibu. Jenereta ya mtaa ilishuka sauti kidogo, taa zikafifia, zikarudi.

"Hakuna," Nazih aliandika.